Mlango Uliobaki Wazi kwa Mtu Mmoja

Pirogi, mtumbwi mrefu wa injini, ilikuwa imefika katikati ya mto Lualaba, mabati ya mtaa wa Kasuku mjini Kindu yameanza kuonekana moja moja juu ya ukingo, injini ilipokohoa mara mbili ikanyamaza. Mgeni aliyekuwa amekalia begi lake upande wa mbele alishika ubavu wa chombo kwa mikono miwili. Alikuwa na siku sita njiani kutoka Bukavu, nguo zake zimekaukia tope la rangi tatu, na mji ule wa ng'ambo hakuwahi kuuona ila kwenye ramani. Mwanamke aliyeketi akimwelekea, mtandio mweupe kichwani na mkoba wa kompyuta mapajani, hakutazama maji wala mgeni. Alitazama saa yake ya mkononi.

"Papa," alimwambia mwenye pirogi, "hii injini yako inalala ao inakufa?"

"Inapumzika, mama. Na yeye iko muntu."

"Basi umwambie muntu wako, akipumzika mpaka saa nne nitamuzika miye mwenyewe, na watu wa matanga utawalisha weye."

Abiria walicheka. Mwenye pirogi alivuta kamba mara ya tano, injini ikaitika, na ukingo ukaanza tena kusogea. Katika kicheko hicho mgeni alipata ujasiri wa kutoa karatasi iliyolowa pembe moja na kuuliza kama yuko anayemjua Mwanahamisi wa Asumani, anayekaa nyuma ya msikiti, Kasuku. Rafiki mmoja wa Bukavu alikuwa amempa jina hilo ili apate pa kulala.

"Umefika," alisema mwanamke. "Njo miye Mwanahamisi. Lakini leo sina nafasi ya kukupikia. Utakula mukate na utanyamaza."

Kwa siku tatu mfululizo Mwanahamisi alikuwa akivuka mto alfajiri kwenda Alunguli, mahali ambapo barabara ya Kailo na Punia inaishia majini. Alisimama pale kwenye tope, viatu mkononi, akimwuliza kila mwendesha pikipiki aliyeshuka: umetoka Punia? Kuna mtu wa Lusele uliyemwona njiani? Munganga Rémy wa kituo cha afya hajambo? Siku tatu alipewa jibu lile lile. Lusele iko mbali, mama, siku nzima kupita Punia, na mvua imebeba madaraja.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali, barabara ya pili kutoka sokoni, paneli sita za jua juu ya paa na sahani ya setilaiti iliyokazwa kwa waya ili upepo usiigeuze. Ndani alikuwamo Princesse, mwenzake wa kazi, mwanamke wa miaka thelathini aliyeweza kula karanga, kuandika na kusengenya kwa wakati mmoja.

"Habari ya ng'ambo?"

"Tope."

"Na huyu?"

"Mugeni. Mupe kiti, si ile ya mguu mubovu."

"Njo hiyo tu iliyobaki," alisema Princesse, na mgeni akaketi kwa uangalifu.

Kazi yao mtu angeweza kuieleza kwa maneno machache, ingawa Donatien, mkubwa wao wa Kinshasa, aliieleza kwa kurasa nyingi. Kule Punia, katika chumba nyuma ya ghala la dawa, kulikuwa na seva moja. Vituo vya afya ishirini na vitatu vya misitu ile viliongea nayo kwa tableti: watoto wangapi wana surua, mama gani anatokwa damu, dawa gani imekwisha. Seva ilipokea, ikapanga, ikatoa taarifa mahali palipo na pikipiki na sanduku la barafu la chanjo. Mwanahamisi, akiwa Kindu, kilomita zaidi ya mia mbili kusini mwake, ndiye aliyeitunza. Miaka mitano hakuwahi kuiona kwa macho. Alibadilisha mipangilio yake kwa maneno aliyoyaandika kwenye skrini nyeusi, maneno yakapanda angani na kushuka Punia, na sharti alilojiwekea, ambalo hakuna mkubwa aliyemwandikia, lilikuwa kwamba seva isizimwe hata dakika moja.

Ndiyo maana ndani ya seva ile programu ilikuwa ikifanya kazi kwa nakala mbili. Aliziita Hasani na Huseni, kama mapacha wanavyoitwa katika nyumba za Kiislamu za mtaa wake. Alipotaka kubadilisha kitu kwa Hasani, alimwambia asipokee mtu mpya, akawaacha waliokuwa wakiongea naye wamalize, na kila aliyebisha hodi akaelekezwa kwa Huseni. Hasani akishabaki peke yake, alimbadilisha, akamwamsha, akamsikiliza. Kisha ilikuja zamu ya Huseni. Muuguzi aliyekuwa akiandika uzito wa mtoto huko msituni hakuhisi kitu. Kama angehisi, Mwanahamisi angeona ameharibu kazi.

Wiki hiyo kazi ilikuwa ngumu kuliko kawaida. Mlango ambao tableti zilipitia kuingia kwenye seva ulikuwa na kufuli ya zamani, na wezi wa mtandao walikuwa wamejifunza kuifungua. Ndani kulikuwa na majina. Kulikuwa na wanawake waliobakwa na kutibiwa kwa siri, na watu wanaomeza dawa ambazo jirani hapaswi kujua. Mwanahamisi alifungua mlango mpya kando ya ule wa zamani, akatuma agizo kwa kila tableti ihamie huko, na akaandika ubaoni majina ya vituo vyote ishirini na vitatu. Kila kituo kilichoitika kupitia mlango mpya alikipigia mstari wa chaki. Asubuhi ile ya Alhamisi, vituo ishirini na viwili vilikuwa na mstari. Lusele hakikuwa nao.

Haikuwa kwamba Rémy, muuguzi wa Lusele, alikuwa amenyamaza. Kila siku, saa saba mchana ikishapita na jua limesimama juu ya paneli yake moja, tableti yake iliingia kwa mlango wa zamani, ikamwaga habari zake, ikazimika. Siku iliyotangulia alikuwa ameandika: watoto tisa wana surua, wawili wamezidiwa, naomba chanjo. Lakini ile ilikuwa tableti ya kwanza kabisa ya mradi, ya aina ambayo wengine walikwishaitupa. Iliweza kusema, agizo haikuweza kulipokea, ndiyo maana asubuhi zile tatu Mwanahamisi alitafuta ukingoni mtu wa njia ya Lusele. Tena haikujua kulalamika. Mlango ukifungwa, ingemwonyesha Rémy neno "inatumwa", leo, kesho na kesho kutwa, naye angekaa akitega sikio kusikia pikipiki, kwa sababu ameshaomba.

Simu ililia saa nne na robo.

"Mama Mwana, bonjour. Tuko wapi?" Sauti ya Donatien ilikuwa ya kijana aliyelala vizuri.

"Tuko ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili juu ya ishirini na tatu! Iko muzuri sana. Funga."

"Iko mumoja amebaki."

"Mama, mumoja hawezi kufunga wote kamba ya mguu. Jana wezi walijaribu ule mulango mara mia nne. Nimeona na macho yangu. Wakiingia, majina ya wale wamama itatembea kila mahali. Utawaambia nini?"

Mwanahamisi alijua kwamba kijana ana haki.

"Nipe mpaka saa nane."

"Saa sita ya kwenu, mama. Ikipita saa sita nitafunga miye mwenyewe toka huku. Na huku sisi hatujui mambo ya Hasani na Huseni. Tutazima, tutawasha."

"Ukizima, wote wenye kuandika saa hiyo watapoteza."

"Njo maana nakuomba ufunge weye."

Simu ilipokatika Princesse alitema ganda la karanga. "Huyu mutoto anaongea kama anafukuza kuku."

"Iko na haki."

"Na kuku pia iko na haki."

Mgeni, ambaye aliambiwa anyamaze na hakuweza, aliuliza kwa Kiswahili chake cha pwani kituo kimoja kina uzito gani mbele ya ishirini na viwili. Mwanahamisi alikuwa amegeukia ubao na chaki yake. Princesse alimtazama mgeni, akatikisa kichwa polepole, na kumsogezea karanga ili awe na shughuli mdomoni.

Mwaka wa elfu mbili na mbili Mwanahamisi alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya foni, ile redio kubwa ya kuitana kwa sauti, betri ya gari chini ya meza na waya mrefu uliopanda mpaka kwenye mnazi wa jirani. Kindu ilikuwa imezingirwa. Wenye bunduki waliokuwa ndani hawakutoka, wenye bunduki waliokuwa nje hawakuingia, na mtu aliyekwenda shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo, alikwenda akiwa ameaga. Foni ilikuwa ya baba yake, Asumani, mfanyabiashara wa chumvi, na ndiye aliyemfundisha desturi ya wenye foni wa njia ya Punia. Frekansi, yaani masafa ya redio, ikibidi kubadilishwa, mtu haachwi nyuma. Unataja namba mpya ungali kwenye ya zamani. Unakwenda kwenye mpya, unaita, kila mmoja anajibu kwa jina lake. Halafu unarudi kwenye ya zamani, unakaa kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, unasikiliza kama yuko aliyechelewa. Kurudi huko walikuita kufagia. Aliyeondoka bila kufagia alizungumzwa kama mtu aliyeacha nyumba ya msiba bila kuaga.

Kaka yake, Kassim, alikuwa Punia akiwauzia wachimba mawe chumvi na sabuni. Kila asubuhi saa tatu alikwenda kwenye foni ya huko na kuita: "Kindu, Kindu, hapa Punia. Mumeamuka?" Mwanahamisi alijibu: "Tumeamuka, yaya," kama wadogo wa huko wanavyowaita kaka zao. Hawakuzidisha hapo. Betri haikuwa ya kupotezea hadithi.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane askari wawili waliingia nyumbani na kusema frekansi zote zibadilishwe sasa hivi, na atakayesikika kwenye ya zamani atahesabiwa kuwa anaongea na watu wa msituni. Ilikuwa saa mbili na nusu. Baba yake alikuwa ameitwa ofisini kwao tangu jana. Mwanahamisi alitaja mara moja tu namba mpya, ile ya akiba ambayo baba yake alikuwa ameiandika kwenye karatasi, akazungusha kitufe. Wengine waliitika. Punia haikuitika, na alijiambia kwamba ni mvua, Kassim amechelewa kwa mvua, atauliza wenzake. Askari mmoja alibaki kwenye mkeka mlangoni siku mbili, akila ndizi zao, bunduki kati ya magoti. Mwanahamisi hakufagia.

Kassim hakuwa amechelewa. Alikwenda saa tatu kama kawaida yake na kuita kwenye frekansi ya zamani. Aliita siku hiyo na siku ya pili. Aliyemsikia alikuwa mtu mmoja, Victorine, mwenye foni ya Kailo, ambaye betri yake ilikuwa imebaki na nguvu ya kusikia tu, si ya kusema. Alisikia kila neno, akibonyeza kitufe cha kusemea mpaka kidole kikavimba, na sauti yake haikutoka chumbani. Siku ya tatu Kassim alisema: "Kindu haijibu. Nakuja kwa miguu." Njia ilimmeza mahali fulani kabla ya Kailo.

Victorine alileta maneno hayo mwaka uliofuata, barabara ilipofunguka. Alikaa kwenye mkeka ule ule akayasema bila kupunguza. Asumani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Alisema Kindu imekufa, ao haijibu?"

"Haijibu, papa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Aliishi miaka tisa zaidi na hakumlaumu binti yake kwa neno hata moja. Mara nyingi Mwanahamisi aliona kwamba neno moja lingekuwa afadhali.

Tangu wakati huo alifanya kazi na kila chombo cha kuitana kilichofika Kindu: foni za mashirika, mnara wa kwanza wa simu, kompyuta za kwanza, mpaka seva ya Punia. Lakini hakuwahi kupita Alunguli kwenda mbele. Alisimama pale ukingoni, akauliza, akarudi.

Saa tano na dakika kumi aliweka chaki chini. Alikuwa ametazama jina la Lusele kwa muda mrefu mpaka likaacha kuwa jina, ndipo akaona kwamba yeye na Donatien hawakuwa wakigombania kitu kimoja. Kijana alitaka mlango ufungwe kwa wezi. Yeye alitaka usifungwe kwa Rémy. Kila tableti ya mradi ilikuwa na cheti chake ndani, mfuatano wa herufi na namba wa kuitambulisha, alichokitia Mwanahamisi kwa mkono wake kabla haijapelekwa msituni, na hakuna viwili vilivyofanana. Sahani ya Lusele nayo ilikuwa na anwani yake ya mtandao peke yake. Mlango wa zamani ungeweza kuwekewa sharti jipya: asipite mtu ila mwenye cheti kile, kutoka anwani ile.

"Na ukikosea namba mumoja?" aliuliza Princesse, ambaye hakuwa akitafuna tena.

"Nitamufungia Rémy. Nikikosea mbili, nitajifungia na miye mwenyewe nje."

"Na Punia haina muntu wa kugusa ile mashini. Fundi Cédric amerudi kwao toka mwezi jana."

"Najua."

Kwa hiyo alianza kwa kujiwekea njia ya kurudi. Aliiandikia seva: nikishathibitisha badiliko, dakika kumi zikipita kabla sijarudi kukuambia neno, rudi kama ulivyokuwa asubuhi. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote na mashine asiyoweza kuifikia kwa mkono. Kisha alimwambia Hasani asipokee mtu mpya.

Kwenye pembe ya skrini namba ilionyesha waliobaki wakiongea naye. Kumi na mmoja. Saba. Wanne. Mmoja. Huyo mmoja hakuondoka. Ilikuwa tableti ya mkunga wa kituo kimoja cha mtoni, anajaza fomu ya mzazi, herufi moja kila baada ya pumzi tatu.

"Huyu anaandika barua ya mapenzi?" alisema Princesse.

"Anaandika mutoto."

"Mutoto gani, pamoja na babu yake? Iko saa tano na nusu, Mama Mwana. Mukatie laini tu."

"Tumungojee."

Walimngojea. Mgeni hakutikisa kiti. Namba ikawa sifuri, na Mwanahamisi akaandika sharti jipya kwa Hasani, akisoma cheti cha Lusele herufi kwa herufi huku Princesse akifuatisha kwa kidole kwenye daftari. Alipobonyeza kuthibitisha, wingu lilipita juu ya paa. Mvua ikapiga mabati kwa kishindo, sahani ikapoteza mbingu, skrini ikaganda.

Hakukuwa na la kufanya ila kusikiliza mvua na kutazama saa ya ukutani, na kujua kwamba mahali fulani kaskazini mashine inahesabu dakika kumi ikingojea neno lake. Mwanahamisi alikuwa amekaa na mikono mapajani kama mtu aliye kwenye mkeka wa msiba. Dakika kumi zilipita. Seva, kama ilivyoagizwa, ilirudi ilivyokuwa asubuhi. Hasani akafungua mikono yake na kuanza kupokea watu, kama vile hakuna aliyemgusa.

Mvua iliondoka saa sita kasoro dakika kumi na tatu, ghafla kama ilivyokuja. Skrini ikazinduka. Alianza upya: njia ya kurudi, Hasani, kungojea waliobaki. Safari hii walikuwa wawili tu, na walimaliza upesi. Cheti kilikuwa tayari kwenye daftari. Alibonyeza, akasubiri, akaona jibu, akaiambia seva neno lake. Hasani alisimama na sharti jipya. Huseni naye akaachwa na watu wake polepole, akabadilishwa, akaamka. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili, na katika muda wote huo vituo ishirini na viwili viliendelea kuandika homa, mimba na vidonge, bila mtu kuomba radhi wala kuuliza kuna nini.

Alimpigia Donatien kabla hajapigiwa.

"Jaribu kuingia kwa mulango wa zamani."

Walisikia vidole vyake kwenye kibodi. Kisha vidole tena.

"Inanikatalia."

"Jaribu kwa nguvu. Jifanye mwizi."

"Mama, inanikatalia kabisa. Umefunga?"

"Nimefungia dunia yote. Iko wazi kwa muntu mumoja." Akamweleza. Kijana alisikiliza, akavuta pumzi kama anayehesabu.

"Na huyu mumoja, umeona yeye anapita?"

"Bado. Anakuja saa saba."

"Asipopita?"

Mwanahamisi alivuta daftari, akasoma cheti upya. Donatien, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuharakisha. "Nitangojea kwenye laini," alisema.

Saa saba ilifika. Jua lilikuwa limerudi, na barabarani tope lilikuwa likifuka mvuke. Saa saba na dakika kumi. Ishirini. Princesse aliweka kikombe cha chai mbele ya Mwanahamisi na hakuna aliyekigusa. Mgeni alitazama ubao, jina lile moja lisilo na mstari, na hakuuliza tena lina uzito gani.

Saa saba na dakika ishirini na sita mstari mmoja ulitokea kwenye skrini. Lusele. Mlango wa zamani. Imekubaliwa.

Tableti ilimwaga habari zake kama kila siku. Watoto wenye surua wamefika kumi na mmoja. Wawili waliozidiwa: mmoja amefariki jana jioni, msichana, miaka mitatu. Chanjo zinakuja lini? Rémy, Lusele. Kisha ikazimika.

Princesse alifungua orodha ya maombi na kuona kwamba ombi la Jumatano lilikwisha kushika njia: pikipiki ya chanjo ilikuwa imeondoka Punia asubuhi ile. Alilisoma kwa sauti, polepole, mara mbili.

"Mama Mwana," alisema Donatien, sauti imeshuka. "Umefanya vizuri. Lakini hii haiwezi kukaa hivi. Ile kufuli iko mbovu hata kwa muntu mumoja. Nakupa mpaka Jumatano ya kuja. Tuma fundi Lusele abadilishe ile tableti."

"Fundi gani? Cédric haiko. Na nenosiri ya kufungua zile tableti za zamani iko kichwani mwa muntu mumoja tu."

"Basi tuma…" Alielewa kabla hajamaliza. "Mama, ile njia ni siku tatu. Na mvua hii."

"Muntu njo miye," alisema Mwanahamisi.

Jioni alimpikia mgeni wali na sombe, kama deni la mkate wa asubuhi, wala hakuzungumzia safari. Alifunga kwenye mkoba tableti mpya, waya, dawa ya malaria na viatu vya mpira. Chini kabisa aliweka kipande cha karatasi kilichokunjwa, cha zamani, chenye namba mbili tu kwa mwandiko wa baba yake: frekansi ya kwanza, na ile iliyofuata.

Alfajiri ya Ijumaa Princesse na mgeni walimsindikiza mpaka majini. Okito, mwendesha pikipiki mwenye mabega mapana aliyezijua njia za Punia kwa madaraja yaliyoanguka, alikuwa amekwisha kuilaza pikipiki yake ndani ya pirogi. Mwenye chombo alikuwa yule yule wa jana.

"Mama wa matanga!" aliita. "Injini leo iko muzima. Imesikia utaizika."

"Nitarudi kuisikiliza," alisema Mwanahamisi, na watu wakacheka, na yeye alicheka kidogo.

Alimgeukia Princesse. Alisema kwa sauti ya kazi, kama anasoma orodha. "Rémy anakuja saa saba. Umuangalie kila siku mpaka nimefika. Nikifika nitakuita kwa mulango mupya, na Rémy atakuita kwa jina lake. Kabla ya hapo usifunge, hata Donatien akilia."

"Na akishaita?"

"Rudi kwa ule wa zamani. Kunywa chai yako mpaka imeisha. Halafu funga."

Princesse aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na mzaha wowote asubuhi ile. Mgeni alimpa Mwanahamisi mkono, na Mwanahamisi akamwambia kiti cha mguu mbovu kingali ofisini, na chai ya Princesse huwa na sukari nyingi, basi asiilalamikie.

Pirogi ilishika maji. Kutoka ukingo wa Kasuku, Princesse na mgeni waliona mtandio mweupe ukipungua, ukivuka mkondo, ukifika. Waliona pikipiki ikiinuliwa na wanaume wanne na kusimamishwa kwenye tope la Alunguli, mahali pale pale alipokuwa akisimama na viatu mkononi. Mwanahamisi alipanda nyuma ya Okito. Hakumwuliza mtu kitu. Pikipiki ilipanda ukingo, ikashika barabara ya Kailo, na miti ikamficha.

Wawili waliobaki walirudi ofisini kungojea saa saba.